Asa, Raga ya Kabla ya Jua Kuchomoza

Katika Kiswahili cha pwani, hasa vinywani mwa wazee na katika maandishi ya zamani, liko neno asaa, tulilolipokea kutoka kwa Waarabu, nalo hutamkwa na mtu anayetaraji jambo la kheri ilhali hana yakini nalo: asaa mvua ikanyesha, asaa mgeni akawasili kabla ya magharibi. Huko Punjab, nchi ya mito mitano ambayo leo imegawanyika baina ya India na Pakistani, liko neno asa, lenye asili ya Kisanskriti na lisilokuwa na udugu wowote na hilo letu, na maana yake ni matumaini. Maneno haya mawili yamekutana kama wasafiri wanaofanana sura bila ya kuwa wa ukoo mmoja. Nami nisingeyasumbua, lau kama asa lisingekuwa pia jina la raga ambayo Masingasinga, wale tuliozoea kuwaita Makalasinga, huifungulia siku yao kabla jua halijachomoza, na ambayo ni vigumu kuifahamu dini yao bila ya kuifahamu yenyewe.

Mwenye kufika mji wa Amritsar katika saa za mwisho za usiku huwakuta watu wamekwisha kuamka zamani, wanaume kwa wanawake, vichwa wamevifunika na miguu i mitupu, wakizunguka polepole juu ya marumaru kandokando ya birika kubwa la maji, ambalo katikati yake limesimama hekalu la Harimandir, lile lililofunikwa dhahabu katika enzi ya Maharaja Ranjit Singh katika karne ya 19. Hekalu hilo lina milango minne, mmoja kila upande, ili asiwepo atakayesema kwamba upande wake umefungwa. Ndani yake wameketi waghani watatu sakafuni, ambao kwa lugha yao huitwa ragi, yaani watu wa raga, wawili kwa vinanda vya mvukuto na mmoja kwa tabla, nao wameshaanza kuimba hata kabla Kitabu chao kitukufu hakijaletwa kwa machela, mabegani mwa waumini, kutoka katika jengo la jirani ambamo hulazwa usiku. Wanachokiimba huitwa Asa di Var, ambalo kwa Kiswahili twaweza kulifasiri kuwa Utenzi wa Asa.

Mtu atakaye kumweleza Mswahili maana ya raga hujikuta akilishika neno mahadhi, kisha akaliacha kwa kuliona halitoshi. Mahadhi ya shairi kila mtoto wa chuoni ayajua: ukipewa beti zozote za mizani ile ile waweza kuzitia katika mahadhi uliyofunzwa, na wimbo ukawa umekamilika. Raga haikupi wimbo uliokamilika. Inakupa sauti unazoruhusiwa kuzitumia, na njia ya kuzipanda, na njia ya kuzishuka, ambazo aghalabu si njia moja. Inakuonyesha sauti ipi ni ya kukaa na ipi ni ya kupita tu, kama vile mtu apitavyo barazani kwa watu bila ya kuketi. Inakufunza vifungu vidogo vya sauti ambavyo msikilizaji akivisikia mara moja hutambua ni raga gani, kama umtambuavyo mtu gizani kwa kikohozi chake. Na juu ya hayo yote inakuwekea wakati wake, kwani Wahindi wameugawanya usiku na mchana kuwa mafungu manane ya saa tatu tatu, na raga nyingi zina fungu lake. Yaliyobaki ni juu ya mghani mwenyewe kuyatunga papo hapo. Mzee wa taarabu aliyefunzwa udi na kuyajua makamu ya Kiarabu, hijazi, rasti, bayati na mengineyo, ndiye atakayeifahamu raga upesi kupita sisi wengine, maana makamu na raga ni watoto wa jirani, na huenda ni watoto wa mama wadogo.

Sasa tuitazame Asa yenyewe. Wahindi huzitaja sauti saba za muziki kwa majina ya Sa, Re, Ga, Ma, Pa, Dha na Ni, na katika Asa zote saba hubaki katika hali yake ya asili, wala hakuna inayoteremshwa au kupandishwa nusu. Ajabu yake i katika mwendo. Mghani apandapo huziruka Ga na Ni, akatumia tano tu, Sa, Re, Ma, Pa, Dha, hata akafika Sa ya juu. Na sauti tano si jambo geni kwa masikio ya Afrika Mashariki, ambako Waganda, kwa mfano, wameujenga muziki wao wa jadi juu ya tano. Lakini ashukapo huzirudia zile mbili alizoziruka, akazigusa zote saba mpaka chini, na karibu na mwisho, badala ya kuteremka moja kwa moja, hukunja njia, akairudia Ga mara ya pili kabla ya kutulia juu ya Sa. Ma, sauti ya nne, ndiyo inayotawala. Kwa hiyo kupanda kwa Asa ni kwepesi na kweupe, kama mtu aliyetoka nyumbani bila ya mzigo, na kushuka kwake kumejaa mambo, kama mtu huyo huyo arudipo jioni na kila alichokutana nacho. Sisemi kwamba walioibuni waliwaza hivyo. Nasema kwamba ndivyo inavyosikika.

Asili yake haikuwa katika majumba ya wafalme, ambako mabingwa wa muziki walishindana mbele ya masultani wa Dola ya Mughali, bali katika vijiji vya Punjab, katika nyimbo za wakulima na manju wa vita, na hata leo mabingwa wa muziki wa Kihindi hawaiimbi mara nyingi majukwaani. Aliyeiingiza katika ibada ni Guru Nanak, mwalimu mkuu wa kwanza wa dini hiyo, aliyezaliwa mwaka 1469 katika kijiji cha Talwandi, ambacho leo huitwa Nankana Sahib na kipo Pakistani, akafariki mwaka 1539. Alikuwa mtoto wa Wahindu, naye alisafiri miaka mingi akihubiri Mungu mmoja asiye na umbo, na mwandani wake katika safari hizo alikuwa Muislamu jina lake Mardana, wa ukoo wa waghani wa kurithi, mpiga rababu. Rababu hiyo si ngeni kwetu kabisa, kwani uso wake hufunikwa ngozi kama gambusi ya kale ya pwani hii. Riwaya za Masingasinga zasimulia kwamba Nanak alipohisi neno linamjia, kwanza humwambia Mardana aziguse nyuzi, ndipo neno lishuke. Yaani sauti ilitangulia, na maneno yakafuata kama mgeni anayengoja kufunguliwa mlango. Naiona riwaya hii kuwa ndiyo ufunguo wa mengi, maana yaeleza kwa nini hata leo Masingasinga hawakubali kwamba muziki ni pambo la dini yao.

Ushahidi mkubwa kupita wote ni Kitabu chao, Guru Granth Sahib. Guru wa tano, Arjan, ndiye aliyekikusanya, na kikawekwa Harimandir mwaka 1604. Kisha Guru wa kumi, Gobind Singh, alipokaribia kufa mwaka 1708, alikata shauri kwamba baada yake hapatakuwa na Guru mwanadamu tena, bali Kitabu hicho ndicho kitakachokuwa Guru daima. Kina kurasa 1,430, na nakala zote zilizochapwa leo hulingana ukurasa kwa ukurasa. Ajabu yake ni mpango. Mtu angelidhani kitabu cha dini kitapangwa kwa mada, au kwa tarehe, au kwa watunzi, kila mtunzi na fungu lake. Lakini hiki, tukiziacha sala za mwanzo na baadhi ya beti za mwisho, kimepangwa kwa raga. Zipo raga 31, kuanzia Sri mpaka Jaijavanti, na chini ya kila raga zimewekwa tungo zote zipasazo kuimbwa kwa raga hiyo, za Guru wa kwanza zikitangulia, kisha za warithi wake, na mwisho za watakatifu wengine. Asa ni ya nne, na huanza ukurasa wa 347 hadi ukurasa wa 488.

Kurasa hizo 142 ni kama baraza moja ambalo wameketishwa watu ambao duniani wasingeliketi pamoja. Yumo Kabir, mfumaji wa Banaras aliyelelewa katika nyumba ya Kiislamu. Yumo Namdev wa ukoo wa washona nguo. Yumo Ravidas, mfanyakazi wa ngozi, ambaye watu wa tabaka za juu wasingekubali hata kivuli chake kiwaangukie. Yumo Dhanna mkulima. Na yumo Sheikh Farid wa Pakpattan, sufi wa tarika ya Chishti, aliyeishi karne tatu kabla ya Nanak. Wote wamewekwa chini ya raga moja, wala hakuna aliyeambiwa aimbe kwa sauti ya chini kwa sababu ya ukoo wake.

Na katika fungu hilo la Asa ndimo ulimo ule utenzi wa alfajiri. Juu yake yameandikwa maneno machache ya kumwelekeza mghani, kwamba auimbe kwa mahadhi ya Tunda Asraj. Na neno hilo tunda, ambalo kwetu ni la kuliwa, kwa Kipunjabi ni mtu aliyekatwa mkono. Nani huyo Asraj? Hikaya ya manju yasema alikuwa mwana wa mfalme, mtoto wa mke mkubwa, mwema na mpendwa wa watu, na kwa hiyo akachukiwa na nyumba ya mke mdogo. Wako wasemao kwamba mama wa kambo alimzulia jambo la aibu, na wako wasemao kwamba ndugu zake walimvizia mawindoni. Ila wote huafikiana kwamba alikatwa mkono, akatupwa kisimani, akaachwa afe. Msafara ukapita, watu wakataka maji, wakamtoa. Wakafika naye katika mji ambao mfalme wake amekufa bila ya mrithi, na mawaziri, kwa mujibu wa riwaya moja, wameshapatana kwamba mtu wa kwanza kuingia langoni asubuhi ndiye atakayetawazwa. Akaingia Asraj na mkono wake mmoja. Miaka ikapita, njaa ikaishika nchi ya baba yake, ikatokea kwamba ghala pekee lililojaa ni la yule kilema, naye akawafungulia. Baba alipojua ni nani aliyempa nafaka, alimrudishia haki yake ya kurithi. Ndugu wakakataa, wakapigana, Asraj akashinda, na manju wakamtungia utenzi wa vita ambao ulienea Punjab nzima.

Msomaji aliyelelewa kwa kisa cha Nabii Yusuf hahitaji kuelezwa ni wapi alikwisha kukisikia kisima hicho, na msafara huo, na njaa hiyo, na ghala hilo. Sina haja ya kuamua kwamba kisa kimoja kimezaliwa na kingine. Visa vya ndugu wenye husuda vipo kila palipo na mitala na urithi. Ninachotaka msomaji akizingatie ni hiki: kwamba utenzi wa ibada iliyo tukufu kupita karibu zote kwa Masingasinga umepewa mahadhi ya wimbo wa vita, wimbo ambao mkulima wa Punjab aliujua tangu utotoni na uliomkumbusha kila anapousikia mtu aliyeonewa akainuka. Mkulima huyo hakuitwa aje ajifunze muziki wa wakubwa ndipo aabudu. Ibada ndiyo iliyomfuata shambani na kuuvaa wimbo wake.

Utenzi wenyewe una beti kuu 24, ambazo huitwa pauri, yaani vidato vya ngazi, na baina yake zimepachikwa beti fupi, nyingi za Nanak mwenyewe na chache za Guru Angad, mrithi wake wa kwanza. Fauka ya hizo, waghani hutanguliza kila mara kipande cha nyimbo za Guru wa nne, Ram Das, mwasisi wa mji wa Amritsar, navyo vipande hivyo pia ni 24. Kwa hiyo sauti hubadilika mfululizo: wimbo mtamu wa mapenzi ya Mungu, kisha maneno makavu yanayosomwa karibu bila ya mahadhi, kisha pauri kwa mapigo ya vita, kisha wimbo tena. Asiyejua Kipunjabi hudhani kwamba kila kitu humo ni sifa na shukrani. La hasha. Nanak katika utenzi huu ana ulimi mkali. Anawakabili kadhi na brahmani wa zama zake kwa rushwa na unafiki wao. Anauliza faida ya uzi mtakatifu wa pamba mabegani mwa mtu asiye na huruma moyoni. Anaikataa itikadi kwamba nyumba aliyojifungua mwanamke imenajisika. Na anawastaajabia wanaume wanaomdharau mwanamke, ilhali hakuna hata mfalme mmoja asiyezaliwa naye. Haya aliyasema kiasi cha miaka 500 iliyopita, na huimbwa kila alfajiri mbele ya watu walioamka wakiwa na usingizi machoni, jambo ambalo mimi naliona kuwa na hekima yake, kwani lawama ya asubuhi mtu huondoka nayo akashinda nayo kutwa.

Kwa muda mrefu waimbaji wa Harimandir walikuwa wa namna mbili: ragi, ambao ni Masingasinga, na rababi, Waislamu waliojihesabu kuwa wafuasi wa njia ya Mardana. Hikaya yasema kwamba katika siku za Guru Arjan rababi wawili mashuhuri, Satta na Balwand, walitaka wapewe sadaka yote ya siku moja kwa ajili ya harusi. Sadaka ya siku hiyo ikawa haba, nao wakadhani wamepunjwa, wakagoma, na wakajitapa kwamba bila ya wao hakuna Guru. Arjan akawaambia wafuasi wake washike ala wenyewe waimbe. Tangu hapo kuimba kukawa kazi ya kila muumini. Wale wawili baadaye walitubu wakasamehewa, hata utenzi wao wa kuwasifu Maguru umo Kitabuni mpaka leo, katika raga ya Ramkali. Rababi wakaendelea kuimba vizazi kwa vizazi, hata ulipofika mwaka 1947, Punjab ikakatwa vipande viwili, na Waislamu wa Amritsar wakakimbilia Lahore na kwingineko. Watu ambao babu zao waliamsha hekalu kwa Asa walijikuta ng'ambo ya mpaka, katika nchi ambako wa kuwasikiliza walikuwa wamebaki wachache mno. Katika hasara nyingi za mwaka ule wa damu, hii huandikwa kwa nadra.

Hasara nyingine ilikuja taratibu, tena kwa jina la urahisi. Zamani mghani aliandamana na ala za nyuzi, rababu, saranda, na taus yenye umbo la tausi, ambazo zaweza kuteleza kutoka sauti moja hadi nyingine bila ya kukata, kama itelezavyo sauti ya mwanadamu. Katika karne ya 19 Wazungu walileta harmonia, na mafundi wa Calcutta wakaifupisha ili mtu aipige akiwa ameketi chini, mkono mmoja ukivuta mvukuto na mwingine ukicheza vibao. Ni ala rahisi kujifunza, haihitaji kukazwa nyuzi, na sauti yake yajaza ukumbi. Masikio ya Mombasa hayahitaji kuelezwa, kwani harmonia na tabla ndizo zilizoipa taarabu ya huko ladha yake ya Kihindi, na Juma Bhalo alitia mashairi ya Kiswahili katika mahadhi ya filamu za Bombay hata yakawa yetu. Lakini kibao cha harmonia hutoa sauti moja iliyokwisha kukatwa, wala hakiwezi kuteleza. Na raga i zaidi katika ule mtelezo kuliko katika sauti zenyewe. Redio ya India iliipiga marufuku harmonia mwaka 1940 kwa sababu hiyo na nyinginezo, kisha miaka mingi baadaye ikalegeza. Na mwaka 2022 Akal Takht, mamlaka ya juu ya Masingasinga, iliagiza kwamba harmonia iondolewe Harimandir kidogo kidogo na ala za nyuzi zirejeshwe. Wako waliofurahi, na wako waliouliza, kwa haki, ni nani atakayezifunza ala hizo kwa maelfu ya gurudwara, yaani nyumba zao za ibada, duniani ambako mghani ni seremala au dereva anayeimba kwa kujitolea.

Swali hilo latuhusu na sisi, maana maseremala na wahunzi wa Punjab ndio waliokuja kwa wingi katika ujenzi wa reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria, ulioanza mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, na popote walipopiga kambi walitenga mahali pa Kitabu. Gurudwara la Makindu, katika njia ya Mombasa na Nairobi, lilijengwa mwaka 1926, na mpaka leo msafiri wa dini yoyote huingia, akavua viatu, akafunika kichwa, akala dengu na chapati bila ya kudaiwa senti. Wengi wetu tumekula chakula hicho. Wachache tumeketi ukumbini kusikiliza. Anayeketi hupewa mwishoni, katika viganja viwili vilivyounganishwa, donge la moto la unga wa ngano, samli na sukari kwa vipimo sawa, ambalo Mzanzibari atalitazama na kuliita haluwa, na hatakuwa amekosea sana.

Limebaki jambo moja ambalo huwatatiza wataalamu wa muziki wa Kihindi. Wao, walipozigawa raga katika mafungu ya siku, waliiweka Asa asubuhi. Masingasinga wanakubali, na huiimba asubuhi. Lakini utungo mkubwa ufunguao sala yao ya jioni, ule ambamo Nanak anauliza mlango wa Mungu ni wa namna gani na anaketi nyumba gani akiuangalia ulimwengu wote, nao pia umeandikwa katika Asa. Basi raga ile ile iliyowaamsha hurudi jua linapokuchwa, taa zinapoanza kuwashwa kandokando ya birika, na mghani huipanda kwa sauti tano na kuishuka kwa saba kama alivyofanya alfajiri.